Kusoma Umeme wa Ubongo

Seli za neva za ubongo huwasiliana kwa umeme, na zinapofanya kazi kwa pamoja, umeme huo hupenya fuvu na kufika kwenye ngozi ya kichwa ukiwa hafifu mno, kwa kawaida usiofikia hata sehemu moja ya elfu kumi ya volti. Hans Berger, daktari wa Jena nchini Ujerumani, ndiye aliyeunasa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na alipochapisha matokeo yake mwaka 1929 alieleza mawimbi ya alfa, ambayo hujirudia mara 8 hadi 13 kwa sekunde mtu aliye macho anapofumba macho na kutulia.

Kipimo cha umeme huo, kiitwacho EEG, hutumiwa zaidi kuchunguza kifafa. Mgonjwa huoshwa nywele zisibaki na mafuta, kisha vipokea-umeme vidogo viitwavyo elektrodi, mara nyingi 21, hubandikwa kichwani. Akiwa amesukwa nywele kwa kubana, kuifikia ngozi huwa kazi ngumu. Kusoma michoro ya umeme huo nako kunahitaji ujuzi, kwa sababu kupepesa jicho au kuuma meno huchora mawimbi ambayo asiyezoea angeyadhania ugonjwa.

Huko Laare, kwenye soko kubwa la miraa katika milima ya Nyambene nchini Kenya, msomaji wa michoro hana budi kuuliza pia habari za usingizi, kwa kuwa kathinoni iliyomo katika miraa humfanya mtu akeshe, na kukesha huweza kuchochea kifafa kwa mwenye nacho. Ndiyo maana wakati mwingine daktari humtaka mgonjwa apunguze usingizi usiku wa kabla ya kupimwa, ili dalili zijitokeze.

Thamani kubwa ya kipimo hiki ilidhihirika Kilifi, pwani ya Kenya, ambako watafiti waliwapima watoto waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongo na kukuta baadhi yao wana degedege lisilotikisa mwili, ambalo dalili yake ya nje ilikuwa jicho kugeukia upande mmoja, mate kutoka au pumzi kuvurugika.

Hata hivyo, takriban nusu ya wenye kifafa hupata michoro ya kawaida katika kipimo cha kwanza, ambacho huchukua kama nusu saa tu, na kwa hiyo majibu hayo hayatoshi kumwambia mtu kwamba hana kifafa. Daktari makini humsikiliza kwanza mzazi au jirani aliyemwona mgonjwa akianguka, amweleze ni mkono upi ulioanza kutetemeka, macho yalielekea wapi, na ilichukua muda gani kabla hajaweza kuzungumza tena.