Upepo Mmoja, Maji Mengine

Kila Januari mosi, mashua za mashindano hukimbizana mbele ya kijiji cha Shela, katika mkondo unaotenganisha kisiwa cha Lamu na Manda. Ni mbio za kwanza za mwaka, na zikimalizika huwa zimetoa washindi wa aina mbili: chombo kilichotangulia, na watu waliojua tangu zamani kwamba kingetangulia. Kundi hili la pili ndilo kubwa. Kwa ushahidi wa mbio moja hutoa hukumu juu ya chombo, nahodha, fundi aliyekiunda na kijiji kinachojivunia.

Matokeo ya mwanzo wa msimu yana habari ndani yake. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye aina ya habari hiyo. Na hapo ni lazima kuanza na namna mbio za tanga zinavyokwenda.

Mashua ina mlingoti mmoja na tanga moja la pembe tatu, lililofungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaopandishwa mlingotini kwa mshazari. Vikikimbia na upepo nyuma, vyombo vyema havipishani sana. Kazi iko kwenye kubisha, yaani kuupanda upepo kwa kwenda mshazari huku na huku, kwa sababu kila mashua ikigeuzwa, foromali na tanga lote havina budi kuhamia upande wa pili wa mlingoti. Dakika hiyo chombo hupoteza mwendo, na ikiwa mabaharia hawakuzoeana hupoteza na heshima. Halafu kuna ubao: huchomozwa upande wa joshini, upepo unakotoka, na watu hukaa juu yake nje kabisa ya chombo ili uzito wao ukizuie kisilale. Ndani kuna farumi, uzito wa kukisawazisha, mara nyingi mifuko ya mchanga, nayo pia lazima ihamishwe kila tanga likihama. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachoitwa kasi ya mashua ni mikono na miili ya watu fulani, na hakuna sheria inayowataka watu hao warudi mwaka ujao.

Kuna maji pia. Tarehe mosi Januari hufuata jua, na upepo wa kaskazi hufuata jua vilevile. Kwa hiyo mbio za Shela hupata karibu upepo ule ule kila mwaka. Maji hufuata mwezi. Mwaka mmoja tarehe hiyo huangukia bamvua, maji yanapopanda na kushuka kwa takriban mita 3 na mkondo kuwa mkali. Mwaka mwingine huangukia maji mafu, na mkondo huwa dhaifu. Kwenye bamvua, nahodha anayejua kubana pembeni, ambako mkondo ni dhaifu, hupata faida isiyohusiana hata kidogo na ubora wa chombo chake. Mwaka wa maji mafu ujuzi huo haumfai kitu.

Mashindano yanayoandamana na Maulidi ya Lamu, sherehe iliyojengeka kuzunguka Msikiti wa Riyadha tangu zama za mwanzilishi wake Habib Saleh, yako kinyume chake. Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, hufuata mwezi, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi. Maji huwa yanakaribiana mwaka hata mwaka, lakini upepo huzunguka: miaka kadhaa Maulidi huwa kwenye kusi, miaka mingine kwenye kaskazi. Tamasha la Utamaduni la Lamu nalo kwa kawaida ni la Novemba, wakati wa tangambili, kusi imeshaondoka na kaskazi haijakaa. Kumlinganisha bingwa wa Shela na bingwa wa Maulidi ni kulinganisha majibu ya maswali mawili tofauti. Mbio za punda za sherehe hizo zinaweza kuachwa nje ya hesabu hii. Punda hajawahi kudai kwamba anathibitisha lolote.

Ugumu wa Lamu ni kwamba mbio ni chache na hakuna anayeandika takwimu. Anayetaka kuona tatizo hili likiwa limepimwa afadhali aangalie mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, mchezo ambao kila mpira unaoguswa huhesabiwa na mtu. Msimu huanza mapema Novemba na kumalizika mapema Aprili. Daraja la kwanza lina timu zaidi ya 350, kila moja ikicheza mechi 30 na kitu, kwa hiyo haiwezekani wote kukutana. Novemba ndiyo wakati timu kubwa hujichagulia wapinzani, na uchaguzi huo una bei. Chuo kikubwa hukilipa chuo kidogo makumi ya maelfu ya dola kije kucheza ugenini, bila ahadi ya mechi ya marudiano. Ni katika kazi chache duniani ambazo mtu hulipwa vizuri kwa kutarajiwa kushindwa.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wake hapa. Mwaka 2006 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Timu ilikuwa mpya karibu yote: wachezaji 5 wa msimu uliotangulia walikuwa wamechukuliwa na NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo vijana hao walianza kwa kushinda mechi 11 mfululizo. Mtu aliyesoma msimamo wa ligi mwishoni mwa Desemba aliona timu isiyofungika. Aliyesoma orodha ya wapinzani aliona kitu kingine. Timu ilipoingia kwenye mechi za kundi lake, Big East, ilishinda 6 na kupoteza 10, ikamaliza msimu na ushindi 17 na vipigo 14, na haikualikwa kwenye mashindano ya taifa. Zile 11 zilikuwa za kweli, ila zilikuwa zinaeleza zaidi ratiba.

Ratiba ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni bahati, na hii ina hesabu inayoweza kufanyika juu ya karatasi. Timu ya wastani hurusha mitupo ya pointi tatu 22 hivi kwa mechi na kutia theluthi moja, yaani 7 au 8. Lakini theluthi moja ni wastani wa muda mrefu. Katika mechi moja moja, timu hiyo hiyo, yenye afya ile ile na kocha yule yule, itatia 5 leo na 10 wiki ijayo bila kitu chochote kubadilika. Tofauti ya mitupo 5 ni pointi 15. Mechi nyingi huamuliwa kwa chini ya hapo. Mwandishi wa habari atapewa nafasi ya aya nne kueleza kilichosababisha, naye ataijaza.

Ndiyo maana wachambuzi makini huacha swali la nani alishinda na kuuliza timu ilipata pointi ngapi kwa kila mara iliyomiliki mpira, dhidi ya nani, na wapi; kucheza nyumbani peke yake huhesabiwa kuwa na thamani ya pointi 3 au 4. Na hata hapo hawaanzi na karatasi tupu. Jedwali la Ken Pomeroy, linaloaminiwa na wengi katika mchezo huo, huanza msimu na makadirio yaliyotengenezwa kabla ya mpira kurushwa: timu ilikuwaje miaka iliyopita, nani amebaki, nani ameingia. Kila mechi huyasogeza makadirio hayo kidogo, na uzito wake hupungua taratibu mpaka ndani ya Januari. Kwa mshabiki hii inaonekana ni dhuluma. Mbona timu imeshinda zote na haipandi? Jibu ni kwamba mechi 5 bado hazijawa na sauti ya kuzidi kila kilichojulikana kabla yake.

Kinachotokea makadirio hayo yakitupwa kilionekana hadharani tarehe 26 Novemba 2018. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilikuwa kimeunda kipimo kipya kiitwacho NET, kinachotumia matokeo ya msimu huo tu. Orodha ya kwanza kabisa iliiweka Ohio State juu ya vyuo vyote nchini. Loyola Marymount, chuo ambacho wengi walilazimika kukitafuta kwenye ramani, kilikuwa cha 10. Watu walicheka, na msimu uliofuata orodha ya kwanza ilicheleweshwa hadi Desemba. Ohio State ilimaliza na ushindi 20 na vipigo 15.

Kicheko hicho kilificha jambo. Orodha ile ile iliweka Virginia nafasi ya 2 na Texas Tech nafasi ya 3, na tarehe 8 Aprili 2019 waliokutana kwenye fainali walikuwa Virginia na Texas Tech. Virginia ilishinda 85 kwa 77 baada ya muda wa nyongeza. Kwa hiyo matokeo ya Novemba hayakuwa takataka. Yalikuwa ni dhahabu na mchanga ndani ya chekeche moja, na kipimo hakikuwa na njia ya kujua kipi ni kipi. Mtu aliyekuwa na maoni ya awali kuhusu Virginia, ambayo ilikuwa timu kali tangu msimu uliotangulia, angeona nafasi ya 2 kuwa uthibitisho. Kwa Ohio State angesubiri.

Upo pia upotofu wa upande wa pili, wa kudhani kwamba tokeo la ajabu lazima lina siri kubwa. Tarehe 23 Desemba 1982, Virginia, wakati huo namba moja nchini na ikiongozwa na mchezaji wake nyota Ralph Sampson, ilipita Hawaii ikitoka Japani na kufungwa 77 kwa 72 na Chaminade, chuo kidogo cha Honolulu ambacho hata daraja la kwanza hakikuwamo. Ni mojawapo ya vipigo vinavyosimuliwa zaidi katika historia ya mchezo huo. Virginia ilimaliza msimu na ushindi 29 na vipigo 5. Kipigo kilikuwa cha haki na hakikutabiri chochote.

Basi anayesimama ufukweni Shela aangalie nini? Mpangilio wa kufika mwisho ndio anaopaswa kuuamini kidogo kuliko vyote, hasa vyombo viwili vikipishana kwa urefu wa tanga moja. Kikubwa zaidi ni kipande cha kubisha: chombo kinaupanda upepo kwa ukali gani bila tanga kuanza kupepea, na foromali inahamishwa mara ngapi bila mkanganyiko. Mambo hayo hurudiwa mara nyingi ndani ya mbio moja, na kinachorudiwa hujidhihirisha mapema. Pigo moja la upepo lililomsukuma mtu karibu na boya la mwisho halirudiwi. Aangalie pia nani hasa kakaa ubaoni, na mwezi uko siku ya ngapi. Sifa za zamani nazo zisitupwe. Mafundi wa kijiji cha Matondoni wameunda vyombo kwa vizazi, na anayedhani mbio moja inafuta hayo ana haraka. Tatizo ni kwamba sifa za zamani Lamu huandamana na kijiji cha anayezisimulia, na uzito wake haupungui ifikapo Januari, wala Januari ya mwaka unaofuata.

Kwa kipimo hicho cha kinachojirudia, mtu angeweza kuona mapema kitu cha kweli ndani ya zile mechi 11 za Connecticut. Ushindi ulikuwa wa ratiba, lakini Thabeet alikuwa anazuia mitupo kwa kiwango kisichoweza kuelezwa na ratiba peke yake, na urefu haubadiliki kwa bahati. Aliendelea kuizuia dhidi ya wapinzani wa Big East timu yake ilipokuwa inafungwa. Kufikia msimu wa 2008/09, wa tatu na wa mwisho kwake, alikuwa na wastani wa kuzuia mitupo zaidi ya 4 kwa mechi, akashirikiana na DeJuan Blair taji la mchezaji bora wa kundi, na timu ikashinda 31, ikapoteza 5 na kufika nusu fainali ya taifa.

Miaka mitatu ni ushahidi mwingi, na Memphis Grizzlies waliutegemea. Juni 2009 walimchagua wa pili katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA. Lakini ushahidi wote huo ulikuwa umekusanywa dhidi ya vijana wa vyuo, ambao wachache tu waliweza kumsukuma mtu wa kimo chake kutoka mahali alipotaka kusimama. NBA karibu kila mtu anaweza. Kuzuia mitupo hakukumtoka: msimu wake wa kwanza alizuia zaidi ya mmoja kwa mechi, ingawa alipewa dakika 13 hivi tu. Mengine yote yalipungua. Februari 2010 alishushwa kwa muda kwenye ligi ya chini, timu ya Dakota Wizards, na mpaka siku hiyo hakuna aliyechaguliwa katika nafasi ya juu kama yake aliyewahi kupelekwa huko. Mchezaji wa saba katika uchaguzi ule ule alikuwa Stephen Curry, ambaye mojawapo ya mashaka juu yake lilikuwa kwamba alitoka Davidson, chuo kidogo chenye ratiba nyepesi.