Kura ya Orlando, Uamuzi wa Tallahassee

Novemba 2022, wakazi wa Kaunti ya Orange, Florida, wanakoishi maelfu ya wahudumu wa hoteli na bustani za burudani za Orlando, walipiga kura kuamua kama kodi za nyumba ziwekewe ukomo kwa mwaka mmoja. Asilimia 59 hivi walikubali. Ukomo wenyewe haukuwa mkali: kodi ingeruhusiwa kupanda hadi asilimia 9.8, tena katika majengo yenye nyumba nne au zaidi tu. Hakuna mpangaji aliyeufaidi. Wenye nyumba na madalali walikuwa wameshakimbilia mahakamani, wakashinda, kwa kuwa sheria ya jimbo iliruhusu hatua hiyo pale tu penye dharura kubwa ya makazi. Machi 2023 wabunge wa jimbo, huko Tallahassee, wakauziba hata mwanya huo.

Hawakuishia hapo. Kaunti ya Miami-Dade ilikuwa imemtaka mwenye nyumba anayepandisha kodi kwa zaidi ya asilimia 5 atoe notisi ya siku 60. Vilevile ilimkataza kumuuliza mwombaji kama amewahi kufukuzwa kwenye nyumba, kabla hajapima kama anastahili. Tangu Julai 2023, mambo ya mpangaji na mwenye nyumba yanaamuliwa na sheria ya jimbo peke yake. Sheria iliyoleta mabadiliko hayo ilimwongezea anayelipa mwezi kwa mwezi notisi ya kuhama, kutoka siku 15 hadi 30, na hilo ni jema. Lakini kwa familia ya Miami yenye watoto shuleni, siku 30 za kusaka nyumba ni chache mno.

Watetezi wa sheria hiyo wanasema mwenye nyumba katika kaunti tano asibebeshwe kanuni tano. Sawa, basi kanuni moja iwe yenye huruma. Florida, ukichelewesha kodi unapewa notisi ya siku tatu za kazi. Ukishitakiwa, una siku tano za kazi kujibu, na ndani ya siku hizo hizo uweke mahakamani kodi unayodaiwa, au uombe mahakama iamue kiasi chake. Usipofanya hivyo, hata kama paa linavuja na una picha za kuthibitisha, utetezi huo hausikilizwi. Diwani wa Miami anayewajua wapangaji wake kwa majina hana mamlaka ya kuwaongezea hata siku moja.