Kuanguka kwa GTV: Aliyelipa kabla ndiye aliyekopesha

Na Mwandishi Wetu, Kibaigwa

WAFANYABIASHARA wa mahindi katika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, wanaijua vizuri hatari ya mali kauli. Mwenye gunia anakabidhi mzigo leo, fedha anaahidiwa baada ya mnunuzi kuuza Dar es Salaam au kwingineko. Mnunuzi akipata hasara huko, hasara hiyo humrudia mwenye gunia.

Kinachosahaulika ni kwamba mteja wa kawaida naye hukopesha. Anapolipia huduma ya mwezi mzima siku ya kwanza, amempa muuzaji mkopo usio na riba wala dhamana. Historia ya GTV, televisheni ya kulipia iliyorushwa kwa setilaiti na kuzimika Januari 30, 2009, inaonyesha mkopo huo unavyoweza kupotea kwa siku moja.

ILIVYOINGIA SOKONI

Televisheni Tanzania Bara ni biashara ya juzi tu. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, vituo vya binafsi kama ITV na DTV vilipoanza kurusha matangazo. Waliotaka kuona ligi za Ulaya kwa ukamilifu walihitaji ungo, na kwa miaka mingi ungo ulimaanisha DStv ya kampuni ya MultiChoice kutoka Afrika Kusini. Ada yake ilikuwa mzigo kwa mwenye kipato cha kati.

Mwaka 2007 akatokea mshindani. Kampuni ya Gateway Broadcast Services, yenye makao yake Uingereza, ilianza kuuza huduma iliyoitwa GTV katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Silaha zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa haki za kuonyesha sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kuanzia msimu wa 2007/08. Ya pili ilikuwa ada iliyo chini ya ile ya mpinzani wake.

Kwa mtazamaji hiyo ilikuwa neema. Mpira uleule aliokuwa akiuona kwa bei kubwa sasa ulipatikana kwa bei ndogo. Ushindani katika soko huria ulionekana kufanya kazi yake.

HESABU ILIPOKATAA

Tatizo lilikuwa upande wa gharama. Muuza mahindi akinunua magunia machache, gharama yake nayo inapungua. Mwenye televisheni ya kulipia hana nafuu hiyo. Haki za mpira, kodi ya masafa ya setilaiti na ofisi katika kila nchi hulipwa kiasi kilekile, wateja wawe 1,000 au milioni moja. Hizi ndizo gharama zisizobadilika, na dawa yake ni moja tu: wateja wengi, haraka.

GTV ilifikisha wateja zaidi ya 100,000 katika nchi 22. Idadi hiyo inasikika kubwa hadi uigawe. Ni wastani wa wateja kama 4,500 kwa kila nchi.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kama kila mmoja wa wateja 100,000 angelipa dola 20 za Marekani kwa mwezi bila kukosa, mapato ya mwaka yangekuwa dola milioni 24. Kutokana na fungu hilo unatakiwa kulipia mojawapo ya ligi zenye bei kubwa zaidi duniani, setilaiti, wafanyakazi, mawakala na punguzo la bei ya ving'amuzi.

Kuna jambo jingine ambalo wakazi wa miji midogo iliyo kando ya barabara kuu wanalijua. Katika miji hiyo king'amuzi kimoja huhudumia kibanda kizima. Mwenye kibanda analipia kadi moja, watazamaji 60 wanatoa kiingilio mlangoni. Umati wa wapenzi wa mpira ni mkubwa, lakini kampuni inahesabu kadi, haihesabu macho. Anayepima soko kwa kelele za mashabiki atajikuta amekisia mapato mara nyingi zaidi ya yale yatakayoingia.

SIKU YA KUFUNGA

Biashara ya namna hiyo huishi kwa fedha za wawekezaji hadi wateja watakapotosha. Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ya Marekani ilianguka, na mikopo ikakauka duniani kote. Kampuni iliyokuwa bado inakula mtaji ilibaki bila pa kukimbilia. Ndugu yake katika kundi la Gateway, kampuni ya mawasiliano ya Gateway Communications, ilinunuliwa na Vodacom katika mauzo ya mwaka huohuo ya takriban dola milioni 700. Upande wa televisheni haukuwamo katika mauzo hayo.

Januari 30, 2009, katikati ya msimu wa ligi, GTV ilitangaza kufunga na kuingia katika ufilisi, ikitaja msukosuko wa fedha duniani kuwa sababu. Picha zikakatika. Ungo juu ya bati ungeweza kugeuzwa kuelekea setilaiti nyingine, lakini kadi ya GTV haikuwa tena na cha kufungua. Mwenye kibanda aliyelipia miezi kadhaa mbele alibaki na risiti.

Sheria za ufilisi zina foleni yake. Mfilisi hukusanya mali iliyobaki, na wadai wenye dhamana, kama mabenki, hutangulia kuhudumiwa. Mteja aliyelipa ada kabla ni mdai asiye na dhamana, na nafasi yake iko mwishoni mwa foleni. Fedha huisha mara nyingi kabla hajafikiwa.

SI AFRIKA PEKE YAKE

Wapo watakaosema haya ni ya nchi maskini. Uingereza kwenyewe, kampuni ya ITV Digital iliahidi pauni milioni 315 kwa miaka mitatu ili kuonyesha madaraja ya chini ya ligi. Ilianguka mwaka 2002, na klabu zilizokuwa zimeshatumia fedha hizo kabla ya kuzipata ziliingia katika madeni. Kampuni ya Setanta, ambayo kuanzia 2007 ilikuwa na mechi 46 za Ligi Kuu kila msimu, ilizimika nchini humo Juni 2009, miezi mitano tu baada ya GTV. Sababu ilikuwa ileile: haki zilinunuliwa kwa bei ya wateja wanaotarajiwa, si ya waliopo.

Baada ya GTV kufa, mpira wa Uingereza ulirudi SuperSport, yaani kwa wateja wa DStv. Punguzo la bei lililomvutia mteja lilikuwa limetoka katika mifuko ya wawekezaji, nao walipochoka punguzo likaondoka nao.

Ushindani wa kudumu zaidi ulikuja baadaye na kwa njia tofauti. StarTimes ilianza Tanzania mwaka 2010 kwa ubia na TBC. Azam TV ilifuata mwishoni mwa 2013, ikajijenga juu ya ligi ya nyumbani ikiwa na mgongo wa kundi la Bakhresa lenye biashara nyingine. Mei 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Hizo nazo ni gharama zisizobadilika, na mteja ana haki ya kuzitazama kwa jicho la kibiashara.

USHAURI KWA MWENYE KIBANDA

Anayetaka kuweka fedha za mavuno katika kibanda cha mpira afanye mambo matatu. Kwanza, aulize haki za ligi anayoitegemea zinaisha mwaka gani, kwa sababu king'amuzi hakina thamani kuliko mkataba ulio nyuma yake. Pili, ahakikishe bei ya vifaa inarudi ndani ya msimu mmoja. Kibanda cha viti 60 kwa kiingilio cha shilingi 500 kikijaa huingiza shilingi 30,000 kwa mechi. Hesabu ifanywe kwa nusu ya viti, si kwa viti vyote.

Tatu, alipe kwa mwezi. Punguzo la kulipia mwaka mzima lina mvuto, lakini ni malipo anayopewa kwa kukopesha miezi 12. Kabla ya kulipokea, ajiulize kama angekubali kumpa kampuni hiyo magunia yake kwa mali kauli kwa muda huohuo.