Seli saidizi za ubongo huteketeza mafuta kuokoa neva

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hutokana na sukari.

Hata hivyo, seli saidizi ziitwazo astrosaiti huchoma mafuta pia. Mwaka 2019 watafiti wa kituo cha Janelia, Virginia, Marekani, wakitumia seli za panya, walionyesha kuwa seli za neva zikielemewa na kazi hutoa asidi za mafuta zenye sumu. Astrosaiti huzipokea na kuziteketeza.

Kazi hiyo ikikwama, mafuta hurundikana. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliripoti mwaka 1907 kuona mafuta katika seli saidizi za mgonjwa aliyepoteza kumbukumbu.

Jeni ya APOE4, inayohusika na usafirishaji wa mafuta ubongoni, huongeza hatari ya ugonjwa unaobeba jina lake. Jeni hiyo imeenea Afrika, lakini tafiti zimeonyesha kuwa athari yake kwa watu wenye asili ya Kiafrika ni ndogo kuliko kwa Wazungu. Chanzo cha kinga hiyo ni swali linalostahili kuchunguzwa katika maabara za ukanda huu.