Pembrokeshire: Njia ya magengeni isiyotulia mahali pamoja

KUSINI-MAGHARIBI mwa Wales, mahali nchi inapochomoza baharini kama ngumi, ipo njia ya miguu yenye urefu wa kilomita 300 hivi ambayo haitulii mahali pamoja. Inaanzia kijiji cha St Dogmaels upande wa kaskazini na kuishia Amroth upande wa kusini, ikipita ukingoni mwa magenge, kuteremka hadi ghubani na kupanda tena. Wengi huimaliza kwa siku 10 hadi 15. Sehemu yake ya juu kabisa, katika rasi ya Cemaes, ina kimo cha meta 175 tu. Hata hivyo, ukijumlisha vilima vyote ambavyo mtu hulazimika kuvipanda, unapata zaidi ya meta 10,000, kimo kinachoushinda mlima Everest.

Wageni huifuata kwa ajili ya mandhari, na mandhari hayo ndiyo yanayoila njia yenyewe. Kila majira ya baridi mawimbi hulichimba genge kutoka chini na mvua huulainisha udongo kutoka juu, kisha kipande cha ardhi hukatika kikaenda na uzio wake. Hapo hujitokeza jambo ambalo wapitaji wengi hawalifahamu. Haki ya umma ya kupita imefungwa kwenye mstari uliochorwa katika ramani rasmi. Ardhi iliyo chini ya mstari huo ikiporomoka baharini, haki nayo huondoka. Haihamii yenyewe kwenye shamba la jirani. Ili watu waendelee kupita, ni lazima mwenye shamba akubali kurudisha uzio wake nyuma, au mamlaka itumie taratibu za kisheria kufungua njia mpya.

Ndiyo maana historia ya njia hii ni historia ya mazungumzo. Hifadhi ya Taifa ya Pwani ya Pembrokeshire ilianzishwa mwaka 1952, kufuatia sheria ya mwaka 1949 iliyoruhusu hifadhi za aina hiyo. Kazi ya kupima mahali njia itakapopita alipewa Ronald Lockley, mtaalamu wa ndege ambaye mwaka 1927 alihamia katika kisiwa kidogo cha Skokholm. Mapendekezo yake yalipitishwa mwaka 1953. Kwenye ramani yalionekana mepesi. Kilichofuata ni miaka 17 ya kujadiliana na wakulima na wenye ardhi, kuchonga ngazi katika miteremko na kujenga madaraja madogo zaidi ya 100, hadi mtangazaji Wynford Vaughan-Thomas alipoifungua rasmi mwezi Mei 1970.

Mwenye kuanzia kaskazini hukutana na sehemu ngumu kuliko zote siku ya kwanza. Kati ya St Dogmaels na mji mdogo wa Newport kuna kilomita 25 hivi za kupanda na kushuka zisizo na duka wala mgahawa magengeni. Karibu na ghuba ya Ceibwr matabaka ya mwamba yamekunjwa mfano wa mkeka uliosukumwa ukutani, alama ya nguvu zilizoibana ardhi hiyo mamilioni ya miaka iliyopita. Mbele kidogo kuna Pwll y Wrach, yaani shimo la mchawi, pango la bahari ambalo paa lake liliporomoka likaacha kisima kikubwa kilichozungukwa na kuta za mawe.

Majina ya Kiwelisi yana faida kwa anayeyafahamu. Pen ni kichwa, na hutumika kwa rasi, sawasawa na neno rasi lenyewe ambalo katika Kiarabu lina maana ya kichwa. Porth ni bandari au ghuba ya kuingilia vyombo, na ynys ni kisiwa. Mtu akizijua hizo tatu anaweza kuisoma nusu ya ramani.

Katika ghuba ya Cwm-yr-Eglwys umesimama ukuta mmoja wa kanisa wenye uwazi wa kengele juu yake. Sehemu kubwa ya jengo iliangushwa na dhoruba ya Oktoba 1859, ileile iliyoizamisha meli ya Royal Charter kaskazini mwa Wales na kuua watu zaidi ya 400.

Baada ya mji wa Fishguard njia hufika Carregwastad, penye jiwe la ukumbusho lililosimamishwa mwaka 1897. Hapo ndipo wanajeshi wa kigeni walipotua kwa mara ya mwisho kuivamia Uingereza bara. Usiku wa Februari 22, 1797, askari 1,400 waliotumwa na Ufaransa, wengi wao wakiwa wafungwa waliotolewa magerezani, waliteremka wakiongozwa na William Tate, Mmarekani mwenye asili ya Ireland. Ilitarajiwa kuwa maskini wa nchi wangejiunga nao. Badala yake waligeukia mvinyo na kuku wa wanavijiji, na siku ya pili baada ya kutua wakasalimu amri katika ufuko wa Goodwick. Wenyeji humtukuza Jemima Nicholas, fundi viatu anayesimuliwa kuwa aliwateka askari 12 kwa uma wa shambani.

Simulizi hilo hufurahisha, lakini athari kubwa zaidi ilikuwa London. Habari za kutua kwa Wafaransa zilizidisha hofu iliyokuwapo tayari, watu wakakimbilia benki kudai dhahabu, na kabla ya Februari kwisha Benki ya Uingereza ikasimamisha kulipa dhahabu kwa noti zake. Zuio hilo lilidumu hadi mwaka 1821. Jiwe la Carregwastad halisemi lolote kuhusu hayo.

Si kila alama ya njiani ni kazi ya bahari. Huko Abereiddi kuna bwawa la maji ya buluu iliyokolea lililozungukwa na kuta zilizosimama wima, nalo ni machimbo ya sleti, mawe yapasukayo mabamba membamba ya kuezekea mapaa. Uchimbaji ulipokoma mwanzoni mwa karne ya 20, ukuta wa upande wa bahari ulilipuliwa na maji yakaingia. Mwaka 2012 yalifanyika hapo mashindano ya kimataifa ya kuruka majini kutoka kimo cha meta 27. Porthgain, mwendo mfupi kutoka hapo, bado ina maghala makubwa ya matofali yaliyohifadhi kokoto za barabara hadi biashara ilipofungwa mwaka 1931. Leo maghala hayo yanalindwa kama urithi. Wakati yakijengwa, bila shaka yapo macho yaliyoyaona kuwa uharibifu wa pwani.

St Davids ndio mji wenye hadhi ya jiji ulio mdogo kuliko yote Uingereza, ukiwa na wakazi wasiofika 2,000. Kanisa kuu lake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1181, limejificha bondeni, na anayekuja kutoka baharini haoni mnara hadi awe karibu. Eneo hilo lilikuwa limekwisha kuvamiwa mara nyingi na Waviking, ambao mwaka 999 walimuua Askofu Morgeneu. Katika karne ya 12 Papa Calixtus II aliruhusu hija mbili za St Davids zihesabiwe sawa na moja ya Roma. Kwa hiyo watu walitembea kwa miguu kuelekea pwani hii miaka mingi kabla ya kuwapo hifadhi yoyote.

Kutoka hapo njia huizunguka ghuba kubwa ya St Brides. Umbo lake lina sababu: mikono miwili ya kaskazini na kusini ni mwamba mgumu wa volkano, na katikati palikuwa na mawe laini zaidi ambayo bahari imeyachota. Uchotaji huo haujakoma. Huko Newgale barabara ya gari imekingwa na tuta la kokoto tu, na dhoruba za majira ya baridi ya 2013 na 2014 ziliyatupa mawe hayo barabarani. Halmashauri imekuwa ikipanga kuihamishia barabara bara zaidi, kwa kuwa kulipandisha tuta kila mara si kazi inayoweza kuendelea milele.

Anayepita huku jioni iliyo angavu huweza kuona mwanga wa mnara wa taa wa Smalls, ulio kilomita 30 hivi baharini. Mnara wa kwanza, wa miti ya mwaloni, ulimalizika mwaka 1776 baada ya kujaribiwa katika bandari ya Solva. Walinzi wake walikuwa wawili, na mwaka 1801 walikuwa Thomas Griffith na Thomas Howell, watu waliojulikana kwa kugombana. Griffith alifariki. Howell, akihofia kushukiwa kuwa ameua, hakuutosa mwili baharini. Aliufunga katika jeneza alilolitengeneza mwenyewe na kuliweka nje, huku dhoruba ikiwazuia waokoaji kwa majuma kadhaa. Taa haikuzimika. Baada ya hapo ilikuwa desturi kuweka walinzi watatu katika minara ya Uingereza iliyo mbali.

Kisiwa cha Skomer, mkabala na rasi ya Marloes, kina ndege wa pufini zaidi ya 40,000 katika msimu wa kuzaliana, na mamia ya maelfu ya ndege wengine wa baharini wanaochimba mashimo ardhini na kurudi usiku tu kuwakwepa shakwe. Mnamo Februari 15, 1996, meli ya mafuta ya Sea Empress ilikwama ikiingia katika hori la Milford Haven, na tani 72,000 za mafuta ghafi zikamwagika. Pufini walikuwa hawajarejea kutoka bahari kuu. Ndege waliokuwa wakipisha baridi katika ghuba za kusini hawakuwa na bahati hiyo.

Hori hilo ndilo sehemu ambayo vitabu vya watalii huiruka haraka, na si haki. Njia hupenya kati ya mabomba na uzio wa viwanda, mahali pengine ikivuka juu ya mabomba katika vijia vilivyofungwa kwa nyavu za chuma. Kati ya viwanda vya kusafisha mafuta vilivyokuwapo kimesalia kimoja, na tangu mwaka 2009 meli huleta hapo gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika. Kabla ya kufika huko, mpitaji huvuka vijito viwili, Gann na Sandy Haven, ambavyo hupitika saa chache tu kabla na baada ya maji kupwa. Asiyesoma jedwali la kujaa na kupwa huzunguka kilomita kadhaa kwa barabara.

Kusini mwa hori liko tatizo la aina nyingine. Castlemartin ni uwanja wa jeshi wa kulengea shabaha. Vifaru vya Ujerumani vilifanya mazoezi hapo kuanzia mwaka 1961 hadi 1996. Upande wa magharibi umefungwa kwa umma na njia imesukumwa barabarani, mbali na bahari. Upande wa mashariki hufunguliwa bendera nyekundu zinapoteremshwa. Kwa upande mwingine, ardhi hiyo haikulimwa kwa mbolea za kisasa wala kujengwa hoteli, na maua na ndege wake wamenufaika. Wapigania njia na wapenda viumbe hawakubaliani kabisa juu ya jambo hilo, na kila upande una hoja.

Katika uwanja huo kuna kanisa dogo la Mtakatifu Govan la karne ya 13 lililobanwa katika ufa wa genge, ambalo ngazi zake, wenyeji husema, hazihesabiki sawa wakati wa kushuka na wa kupanda. Huko pia limesimama tao la mawe ya chokaa liitwalo Daraja la Kijani la Wales. Oktoba 2017 dhoruba ya Ophelia ilimega kipande cha nguzo yake ya nje. Siku moja tao litaanguka na kuacha nguzo peke yake majini, kama zile mbili za Elegug zilizo jirani, ambazo hapo kale zilikuwa sehemu ya genge.

Baada ya ngome ya Manorbier, alikozaliwa mwandishi Gerald wa Wales katika karne ya 12, na mji wa Tenby wenye kuta za kale, njia huishia Amroth, mbele ya ukuta wa kuzuia bahari. Maji yanapopwa sana, visiki vyeusi hujitokeza mchangani. Ni mabaki ya msitu uliomea hapo maelfu ya miaka iliyopita, wakati pwani ilipokuwa mbali zaidi, na wanaomaliza safari huvua viatu na kwenda kuvigusa kabla maji hayajarudi.