Sahihi na Barua: Kuhusu Ukusanyaji wa Barua za Wachoraji wa Kisurealisti

Mwanafunzi mmoja wa idara yetu alituuliza kwa nini watu wa Ulaya hununua kwa fedha nyingi barua kuukuu ambazo hawakuandikiwa wao. Swali hilo latulazimisha tujiulize kwanza: kinachonunuliwa ni maneno, ni mwandiko, au ni lile jina lililo chini ya karatasi? Tutajaribu kulijibu kwa kutazama barua za wachoraji wa kisurealisti, yaani wale walioitikia mwito wa mshairi André Breton, ambaye katika ilani yake iliyotolewa Paris mwaka 1924 aliitaka sanaa ichote katika ndoto na katika fikira zisizotawaliwa na akili.

Wafanyabiashara wa hati wanaotumia Kifaransa hupanga barua kwa vifupisho. Barua iliyoandikwa yote kwa mkono wa mwenyewe na kutiwa sahihi yake huitwa L.A.S. katika orodha za mnada. Ile aliyoitia sahihi tu, ilhali maneno yamepigwa mashine au yameandikwa na karani, huitwa L.S., na kwa kawaida bei yake huwa ya chini. Babu yetu mzaa mama, aliyefanya kazi migodini, aliandikisha barua zake zote kwa karani, kisha akabandika alama ya dole gumba. Kwa kipimo cha mnada barua hizo zisingepewa hata kifupisho. Lakini zilipokuwa zikisomwa nyumbani, kila mtu alimsikia babu mwenyewe akisema.

Sahihi peke yake ni ushahidi dhaifu. Mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha gari lililokuwa likielekea Andorra, wakakuta ndani yake karatasi tupu 40,000 zenye sahihi ya Salvador Dalí (1904–1989). Karatasi za namna hiyo zilikuwa zikingoja kuchapwa picha juu yake. Jina lilikuwapo, kazi yenyewe haikuwapo. Ndiyo maana mkusanyaji mwangalifu, aonapo karatasi yenye jina la Dalí, haanzi na jina. Hutazama mwandiko wa matini yote, karatasi na wino, tarehe, bahasha na muhuri wa posta, kisha huuliza barua hiyo imepitia mikono ya nani tangu ilipofunguliwa mara ya kwanza.

Kwa René Magritte (1898–1967), mchoraji wa Ubelgiji, hila pia hazikukosekana. Mwaka 1962 rafiki yake wa zamani, Marcel Mariën, alisambaza karatasi iliyochapwa kwa jina la Magritte, ikitangaza kwamba bei za picha zake zimeshushwa, na hata Breton alidanganyika. Lakini barua zake halisi ni hazina ya namna nyingine. Ndani yake alieleza jinsi wazo la picha lilivyozaliwa, akachora kwa kalamu, katikati ya mistari, vielelezo vidogo vya kazi aliyokuwa akiitafakari. Barua zake kwa Harry Torczyner, wakili aliyeishi New York, zilitolewa katika kitabu mwaka 1992. Humo msomaji aweza kufuata mazungumzo yao juu ya lile jabali lenye ngome linaloelea juu ya bahari, picha ambayo Torczyner aliiagiza na ambayo Magritte aliichora mwaka 1959.

Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Anayenunua barua hununua karatasi tu. Haki ya kuchapisha maneno hubaki kwa mwandishi na warithi wake. Kwa barua za Magritte, sheria ya Ubelgiji inailinda haki hiyo hadi mwisho wa mwaka 2037.

Kwetu sisi wanaisimu, barua zake zenye faida kubwa kuliko zote ni mbili tu. Magritte alikuwa amejishughulisha na uhusiano wa neno na kitu tangu mwaka 1929, alipochora kiko na kuandika chini yake kwamba hicho si kiko. Mwaka 1966 alisoma kitabu kipya cha Michel Foucault kuhusu maneno na vitu, akamwandikia tarehe 23 Mei, na tena tarehe 4 Juni. Katika barua ya kwanza alitenganisha maneno mawili ya Kifaransa ambayo kamusi huyachukulia kuwa karibu sawa, *ressemblance* na *similitude*: la pili aliliweka kwa vitu, la kwanza akaliacha kwa fikira peke yake. Foucault alizichapa barua zote mbili mwishoni mwa kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya picha hiyo ya kiko.

Tulimpa mwanafunzi wetu barua hizo azisome katika kitabu, bila karatasi yenyewe wala mwandiko. Alirudi baada ya siku chache, akiwa amesahau habari za bei. Alikuwa amejaribu kuitafsiri ile ya kwanza, akakwama kwenye maneno hayo mawili: je, la kwanza liwe *kufanana* na la pili *kulingana*, au kinyume chake? Na *kushabihiana* tuliweke wapi?