Sala ya Wahindu mbele ya mapambazuko

Katika inchi ya India, Wahindu wenye bidii huamka saa wanayoiita ya Brahma, yenye kuanza dakika 96 mbele ya jua kutoka. Wanaoga, wanakaa kimya, wanarudilia mantra, maana yake maneno matakatifu ya Kisanskriti, wakihesabu kwa shanga 108. Mantra ya Gayatri ina silabi 24 tu: inamwomba Savitar, mungu wa jua, aangaze akili. Wengi wanasadiki kwamba sauti yenyewe ina nguvu. Hapo tunaachana nao, kwani sisi tunasema na Baba anayetusikia. Lakini tusiwacheke, sisi tunaosoma Laudes jua likiwa juu, tena mbiombio! Mapadri Wafaransa Monchanin na Le Saux, walipoanzisha makao ya Shantivanam katika mwaka 1950, walitaka kuabudu Utatu Mtakatifu kwa desturi za watawa wa inchi ile.